Kibali cha Kujenga si Hisani ya Mtawala

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati mjini Voi)



Wengi wenu mlidhani tungekuja kuzungumza juu ya uchaguzi, juu ya vyama na wagombea, maana ndiyo desturi ya mikutano kama hii. Leo twaomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo dogo zaidi kwa sura, lakini kubwa kwa uzito: karatasi ambayo mwananchi wa Voi huambiwa aitafute kabla hajachimba msingi wa nyumba yake. Twazungumzia kibali cha ujenzi.

Tuanze na Maandiko, kwa kuwa tumekaa katika ukumbi wa kanisa. Katika kitabu cha Ezra twasoma habari za watu waliorudi kutoka utumwani wakaanza kuijenga upya nyumba ya Mungu. Mara liwali wa nchi akawajia na wenzake, akawauliza ni nani aliyewaruhusu kujenga. Angalieni jinsi wazee wale walivyojibu. Hawakumpigia magoti, wala hawakumfukuza kwa mawe. Walimweleza kwamba amri ya kujenga ilikwisha kutolewa na mfalme Koreshi, na kwamba kumbukumbu ziko, zitafutwe. Barua ikaandikwa, nyumba ya hazina ikapekuliwa, amri ikapatikana kwa maandishi. Liwali yule yule aliyekuja kuhoji akaamriwa asiwazuie.

Ndugu zetu, huo ndio muhtasari wa yote tutakayoyasema leo. Swali la liwali lilikuwa halali. Jibu la wazee nalo lilikuwa halali. Na aliyeamua kati yao hakuwa liwali wala wazee, bali maandishi.

Kibali cha zamani na kibali cha sasa

Sisi tulio katika miaka ya arubaini tulikuwa watoto wadogo wakati wa Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990. Lakini tunakumbuka neno "kibali" jinsi lilivyotajwa majumbani mwetu. Siku zile, chini ya Sheria ya Utaratibu wa Umma, mkutano wa hadhara haukuweza kufanyika bila leseni. Mkuu wa wilaya alikuwa na uwezo wa kuitoa au kuinyima, na mara nyingi alinyima. Hakuhitaji kueleza sababu ya maana. Kibali kilikuwa rungu. Hata baada ya kifungu cha 2A cha katiba ya zamani kufutwa Desemba 1991 na vyama vingi kuruhusiwa, rungu lile lilibaki mkononi mwa utawala kwa miaka kadhaa. Ni katika marekebisho ya mwaka 1997 ndipo leseni ya mkutano ilipoondolewa, na mahali pake pakawekwa ilani tu: mwananchi anamwarifu afisa wa polisi angalau siku 3 kabla.

Wako wanaouliza: ikiwa kibali cha mkutano kilifutwa, mbona kibali cha nyumba kisifutwe pia? Sisi twajibu kwamba vibali hivi viwili si ndugu. Cha mkutano kilimlinda mtawala dhidi ya mwananchi. Cha nyumba, kikitumiwa sawasawa, chamlinda mwananchi dhidi ya nyumba mbovu, na chamlinda jirani dhidi ya jirani. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la orofa 6 liliporomoka katika mtaa wa Huruma jijini Nairobi, na watu wasiopungua 49 wakapoteza maisha. Waliokufa walikuwa wapangaji, watu wa kipato kidogo kama sisi. Hawakuwa na njia ya kujua kama nguzo zile zilikuwa na nondo za kutosha. Yeyote anayesema kwamba sheria ya ujenzi ni anasa ya matajiri na awaulize jamaa za wale waliozikwa.

Kwa hiyo hatukuja kuwahimiza mjenge kiholela. Tumekuja kusema kwamba kibali cha nyumba kisigeuzwe kuwa kile cha mkutano. Kisiwe rungu, kisiwe mtego wa kuomba chai, wala kisiwe hisani ya kulipiwa kura. Ni haki yenye masharti, na masharti hayo yameandikwa.

Habari ya mama mmoja

Miaka michache iliyopita alitujia mama mmoja mjane. Hatutamtaja jina, wala hatutaitaja ofisi aliyokutana na taabu ndani yake, maana nia yetu si kumfedhehesha mtu. Marehemu mumewe alimwachia kiwanja chenye hati. Kwa akiba yake alianza kujenga vyumba viwili. Alikuwa amepeleka ramani katika ofisi inayohusika, akalipa, akapewa risiti. Kisha akaambiwa njoo kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi. Mara faili haionekani, mara mkubwa ameenda semina, mara anaulizwa kama "ameelewa." Mama alielewa vizuri sana, ila hakuwa na kitu cha kutoa. Akaona mvua zinakaribia, akamwambia fundi aendelee. Ukuta ulipofika usawa wa madirisha, akaamka asubuhi akakuta alama ya X nyekundu.

Alikaa mbele yetu, mkoba mapajani, akauliza: "Wakili, mwanangu, niambie ukweli. Nyumba ile ni yangu au si yangu?"

Tukamjibu: "Mama, kiwanja ni chako. Nyumba ni yako. Lakini mbele ya sheria bado haijatambuliwa, na kuna mahali umekosea wewe na mahali wamekosea wao."

Hakupenda jibu hilo, na hatukumlaumu. Lakini lilikuwa la kweli. Tuliandika barua mbili. Ya kwanza iliomba, kwa mujibu wa Katiba na Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya mwaka 2015, tupewe kwa maandishi sababu za kucheleweshwa na sababu za ile alama ukutani. Ya pili iliomba nakala ya kumbukumbu za faili yake kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo yaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Haikupita muda faili iliyokuwa imepotea ikaonekana. Mkaguzi akaja, akaitazama nyumba. Akasema jambo ambalo fundi hakuwa amemwambia mama: juu ya madirisha hapakuwa na lenta inayozunguka kuta zote, na ukuta wa upande mmoja ulikuwa umeanza kupasuka. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi alirudi, lenta ikamwagwa, kibali kikatolewa.

Mnaona, ndugu zetu, habari hii haina shujaa wala adui mmoja. Ofisi ilikosa kwa kumzungusha mjane. Mama alikosa kwa kuendelea kujenga. Na ukaguzi, ulipofanyika hatimaye, ulimwokoa yeye na watoto wake. Kama ofisi ingefanya kazi yake katika siku zilizowekwa, ufa ule usingekuwapo.

Sheria yasemaje

Hebu tuyaweke wazi yale yaliyoandikwa, ili kila mmoja aondoke hapa akiyajua.

Kwanza, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na yanayofikika. Kifungu cha 47 chamhakikishia kila mtu uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, wa haki na unaofuata sheria. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya wenye mawakili peke yao.

Pili, Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi, nambari 13 ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996, yasema katika kifungu cha 57 kwamba hakuna mtu atakayeendeleza ardhi katika kaunti bila idhini. Anayevunja masharti hayo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Hilo si jambo la mzaha.

Tatu, sheria hiyo hiyo yaibana ofisi kama inavyombana mwananchi. Kifungu cha 58 chasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, idhini itahesabiwa kuwa imetolewa. Rudieni kuyasoma maneno hayo mkifika nyumbani. Bunge liliona mchezo wa "njoo kesho", likauwekea mwisho. Hata hivyo twawaonya: siku 60 huhesabiwa kwa anayeweza kuthibitisha siku aliyopeleka maombi yaliyokamilika. Asiye na nakala yenye mhuri na tarehe hana siku ya kuanzia kuhesabu. Na ukimya wa ofisi haugeuzi ramani mbovu kuwa njema, wala hauondoi wajibu wa kujenga kwa usalama.

Nne, anayenyimwa idhini ana haki ya kukata rufaa katika siku 14 mbele ya kamati ya mipango ya kaunti, ile ambayo sheria yaiita Kamati ya Uhusiano, nayo yapasa kuamua katika siku 14. Asiporidhika, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko wazi. Tuulize basi, sisi wakazi wa Taita Taveta: kamati hii yaketi wapi, lini, na maamuzi yake hubandikwa ubao gani? Haki ambayo mlango wake haujulikani ni kama kisima kilichofunikwa.

Tano, alama ya X peke yake si ilani. Kifungu cha 72 chataka ilani ya utekelezaji iliyoandikwa, inayoeleza kosa linalodaiwa, hatua anazotakiwa mwenye jengo kuchukua, na muda wake. Nayo pia ina rufaa. Rangi nyekundu haielezi lolote kati ya hayo.

Sita, juu ya ada. Kifungu cha 210 cha Katiba chasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa ila kwa sheria. Maana yake ni kwamba ada ya kibali sharti iwe imepitishwa na bunge la kaunti. Mwananchi alipe kile kilichoandikwa, adai risiti, asiongeze senti. Na hapa twawageukia ndugu zetu wa kanisani kwa upole: Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 yamwadhibu anayetoa sawasawa na anayepokea. Hatuwezi Jumapili kuwaombea viongozi waache ufisadi, na Jumatatu tukaacha bahasha mezani kwa karani.

Mlango ulio mbele ya mlango

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba kila mtu ana hati ya kiwanja. Ninyi mwajua kwamba sivyo. Kati ya nyaraka za kwanza anazodaiwa mwombaji ni uthibitisho kwamba ardhi ni yake. Asiye na hati hafiki hata kwenye dirisha la ramani. Ndiyo maana twasema kwamba mbele ya mlango wa kibali kuna mlango mwingine, na katika kaunti yetu mlango huo ni mzito.

Tazameni ramani ya Taita Taveta. Karibu asilimia 62 ya eneo lake ni Mbuga ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka 1948. Katika sehemu inayobaki kuna mashamba makubwa ya mkonge, kuna ranchi, kuna ardhi ya reli. Kinachobaki kwa watu kulima na kujenga ni kama ukingo wa kitambaa. Historia yetu nayo ni historia ya kuondolewa. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, watu wa Kasigau walishukiwa kuwasaidia Wajerumani. Makao yao yakachomwa, wakapelekwa uhamishoni Malindi, na wengi hawakurudi. Hakuna aliyewauliza kama wana hati. Tangu hapo, mtu wa nchi hii akisikia neno "ondoka", moyo wake hushtuka kwa sababu asizohitaji kufundishwa.

Na si zamani tu. Mwaka 2023, hapa hapa Voi, nyumba za Msambweni zilibomolewa baada ya mgogoro wa umiliki uliofikishwa mahakamani. Hatukuja kuihukumu kesi ile. Twasema tu kwamba familia nyingi zilizopoteza paa siku hiyo zilikuwa zimejenga kwa jasho lao, na hakuna kibali kingeweza kuzilinda, kwa kuwa tatizo lilianza chini ya msingi, katika udongo wenyewe.

Hata hivyo asiye na hati si asiye na haki. Tarehe 11 Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, iliyotokana na kubomolewa kwa kijiji karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilisema kwamba wasio na ardhi wanaokalia ardhi ya umma na kufanya makao yao hapo, ijapokuwa hawapati hati, wanapata haki ya makao inayostahili kulindwa. Nayo Sheria ya Ardhi, kwa marekebisho ya mwaka 2016, yataka ilani ya maandishi ya angalau miezi 3 kabla ya kuwaondoa watu wanaokalia ardhi kinyume cha sheria, iwe ya umma au ya mtu binafsi. Yataka pia wanaotekeleza wajitambulishe, utu wa watu uheshimiwe, na wakazi wapewe nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao. Hayo yote yafaa kujulikana kabla ya tingatinga kuwasha injini, si baada yake.

Walichokifanya watu wa Tanzania na Bondeni

Lakini tusiondoke hapa tukiwa tumelia tu. Voi ina jambo la kujivunia, na watoto wetu wengi hawalijui.

Mapema katika miaka ya 1990, vijiji viwili vinavyopakana mjini hapa, Tanzania na Bondeni, vilikuwa makao ya maelfu ya watu wasio na hati. Ardhi ilikuwa sehemu ya shirika la reli, sehemu ya serikali, na sehemu ya shamba la mkonge. Kulingana na desturi ya siku zile, mwisho wa habari ulijulikana: ama tingatinga, ama viwanja kugawiwa wakubwa. Kumbukeni kwamba ni mwezi Mei 1990 ndipo kijiji cha Muoroto jijini Nairobi kilipobomolewa kwa nguvu, na viongozi wa makanisa wakapaza sauti zao. Na ripoti ya tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kama pipi wakati wa utawala ule.

Voi ilikwenda njia nyingine. Chini ya mradi wa maendeleo ya miji midogo, baraza la mji na serikali, kwa msaada wa shirika la Ujerumani la GTZ, waliketi na wakazi. Nyumba zikahesabiwa, watu wakaandikishwa, mikutano ikafanyika. Wakazi waliwekewa mbele yao njia mbalimbali za kumiliki: kila mtu na hati yake, au ushirika, au amana ya ardhi ya jamii. Wakajadiliana. Kisha wakachagua amana: ardhi iwe ya wote chini ya wadhamini, nyumba iwe ya mwenye kuijenga. Mkazi aliweza kuuza au kurithisha jengo lake, lakini udongo wenyewe usiuzwe. Sababu yao ilikuwa ya busara. Waliona kwamba maskini akipewa hati leo, kesho tajiri humjia na kitita cha fedha wakati mtoto ni mgonjwa, na baada ya miaka michache kijiji ni cha watu wengine.

Ulikuwa mfano wa kwanza wa aina yake nchini Kenya. Wataalamu wa nchi za mbali wameandika vitabu na makala juu yake, ilhali sisi twapita Bondeni kila siku kwenda sokoni bila kugeuza shingo. Viwanja vikapimwa, barabara zikachorwa, na watu wakaanza kujenga polepole nyumba bora kuliko za awali, kwa sababu hawakuhofia tena kuamka na kuikuta nyumba yao chini.

Hatusemi kwamba mambo yalikwenda bila dosari. Sheria za Kenya hazikuwa na mlango uliotengenezwa kwa ajili ya amana ya namna hiyo. Ilibidi mawakili waunganishe sheria ya vyama na sheria ya wadhamini kama fundi aunganishavyo mbao fupi, na nyaraka za ardhi zikachukua miaka mingi kushughulikiwa. Twakiri hilo kwa niaba ya taaluma yetu. Watu walikuwa tayari kabla ya sheria kuwa tayari.

Jambo la kukumbuka ni hili. Katika miaka ile ile ambapo nchi nzima ilipigania haki ya kuchagua chama, watu wa kawaida wa Voi, wafanyakazi wa reli na mkonge na wachuuzi, walikaa wakachagua namna ya kukaa. Hakuna aliyewapa demokrasia kutoka Nairobi. Waliifanya wenyewe, chini ya miti, wakihesabu viwanja.

Twaomba nini

Ndugu zetu, tukiwa tunaelekea mwisho, twaomba mambo manne.

La kwanza ni la kila mmoja wetu. Kabla ya kununua kiwanja, tafuta taarifa rasmi katika ofisi ya msajili wa ardhi. Usiridhike na karatasi yenye mhuri wa duka. Kabla ya kujenga, ramani ichorwe na mtu aliyesajiliwa, na pale inapohitajika mhandisi atie saini yake. Peleka maombi, hifadhi nakala yenye mhuri na tarehe, hifadhi risiti. Mwite mkaguzi katika kila hatua, na nyumba ikiisha omba cheti cha kuikalia. Jenga ukiwa na karatasi zako, kama Nehemia aliyeomba barua za mfalme kabla hajaondoka Shushani, ndipo alipofika kwa maliwali akawa na la kuonyesha.

La pili ni la makanisa. Ninyi mna kumbi, mna walimu, mna uaminifu wa watu. Tengeni siku moja kila baada ya miezi mitatu, mtu alete nyaraka zake zisomwe na anayejua kusoma nyaraka. Vijana wetu wa shule waweza kuandika barua ya kuomba sababu kwa maandishi. Si kazi ya wakili tu. Na tuanze na sisi wenyewe: tuulizane kama kila ukumbi na kila nyumba ya kasisi tuliyoijenga ina kibali. Mwalimu asiyefuata somo lake hana darasa.

La tatu ni la serikali ya kaunti na la manispaa ya Voi. Ubandikwe ubaoni, kwa Kiswahili, orodha ya nyaraka zinazotakiwa, ada iliyopitishwa na bunge la kaunti, na siku za kujibu. Kila mwezi itangazwe ni maombi mangapi yalipokelewa, mangapi yalijibiwa, na mangapi yalipita siku 60. Ofisi isiyo na la kuficha haitaogopa hesabu hiyo. Tena kuwe na ramani sahili za nyumba za vyumba viwili na vitatu, zilizokwisha kuidhinishwa, ambazo mtu wa kipato kidogo aweza kuzitumia bila kulipia michoro mipya. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 ziliigwa kutoka Uingereza, zikamfanya mkazi wa udongo mwekundu aone aibu kwa udongo wake. Marekebisho ya mwaka 1995 yalianza kufungua njia kwa vifaa vya bei nafuu. Tofali la udongo lililoshindiliwa vema na kuchanganywa na saruji kidogo si tofali la aibu.

La nne ni la wawakilishi wetu. Mgogoro wa mashamba ya mkonge, wa reli, na wa mipaka ya mbuga usiachwe kuwa wimbo wa kampeni kila baada ya miaka mitano. Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliundwa na Katiba, na ilipewa kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Anayeomba kura yetu atuonyeshe barua aliyoandika kwa tume hiyo, na jibu alilopata. Asiye na barua na aketi chini.

Yule mama mjane amekwisha kuhamia nyumbani kwake. Mara ya mwisho tulipomtembelea alitukaribisha chai, kisha akaingia ndani akarudi na bahasha ya kahawia. Ndani yake mlikuwa na hati ya kiwanja, risiti, ramani yenye mhuri, na kibali. Akatuambia amewaonyesha wanawe wote mahali anapoihifadhi. "Mtu akija kuniuliza ni nani aliyeniruhusu kujenga," akasema, "sitampigia kelele. Nitamletea kiti, nimsomee."

Na iwe hivyo kwa kila nyumba ya Mwakingali, ya Sofia, ya Birikani, ya Kaloleni, na ya kila kijiji kutoka Sagalla hadi Taveta. Liwali ana haki ya kuuliza. Nasi tuwe na la kumsomea.